Kidonge cha Kumwoshea Hamisa

Hamisa alikata roho alfajiri, hapa hapa Temeke, chumba cha pili kutoka changu. Mdogo wangu huyo nilimwahidi kwamba nitamwosha mwenyewe. Wanawake wa mtaa huu nimewaosha miaka nenda rudi, nikawasuka na kuwavisha sanda, na sikutaka mikono ya mtu baki imguse.

Sasa mikono yenyewe ndiyo hii. Daktari alinieleza kwamba ubongoni kuna kemikali inayouamrisha mkono uende, nayo yangu imepungua uzeeni mpaka mwili unaganda. Kidonge huirudisha kwa saa chache. Lakini kinataka tumbo tupu. Kikikutana na maziwa au karanga kinachelewa njiani, na mie nabaki gogo.

Binti yangu Najma anayajua hayo. Alinimezesha kidonge kwa maji matupu, akaenda kuandaa mahali pa kuoshea. Nikabaki mkekani nikisubiri vidole vifunguke. Wakati kama huo hata sauti hunikimbia.

Ndipo akaingia jirani yetu, Mwanakombo, na bakuli la uji wa maziwa na karanga. Kwetu mfiwa haachwi na njaa. Nikatikisa kichwa kukataa, lakini kichwa changu hutikisika kutwa nzima, nani angejua kwamba safari hii nakataa? Nikafumba mdomo. Akaubembeleza kwa kijiko, kama anayelisha mtoto.

"Kula, bibi," alisema. "Ukianguka na wewe tutafanyaje?"

Wenzake waliokuja msibani wakamuunga mkono. Mungu anisamehe, nilimchukia yule mwanamke mwema kwa kila kijiko.

Najma aliporudi kunichukua aliliona bakuli tupu, akakaa chini akalia. Walinisubiri kadiri walivyoweza. Kisha wanaume wakatuma neno kwamba kaburi liko tayari, na vidole vyangu bado vilikuwa vimejikunja. Wakaingia wengine. Nilisikia maji yakimwagika nyuma ya pazia, nikasikia mtu akiuliza kitana kiko wapi. Nilitaka kupiga kelele, nikatoa mate tu.

Jeneza lilikuwa limeshatoka, hata sauti za wabebaji hazisikiki tena, vidole vilipoanza kunyooka kimoja kimoja. Nikavitazama vikinyooka, machozi yakinitiririka.

Mwanakombo akavishika kwa furaha, akawaonyesha wenzake.

"Mnaona?" akasema. "Ilikuwa njaa tu."