Maziwa ya Jumapili

Ofisi yetu iko Nakuru mjini, juu ya duka la dawa za mifugo. Hapo ndipo nilipoiunda Kagua, lugha ndogo ya kompyuta yenye kazi moja tu: kujaribu programu. Programu yenyewe ilikuwa ya kituo cha maziwa cha Dundori. Ukiipa namba ya mkulima na lita alizoleta, inakubali au, ikishuku udanganyifu, inafunga namba hiyo.

Tayari tulikuwa na majaribio mia mbili na kumi na mawili kwa Python, lugha inayoweza kufanya karibu kila kitu. Yote yalikuwa yanapita. Lakini kule Dundori nani angeyasoma? Kwa Kagua, jaribio lilikuwa sentensi:

*Ikiwa kawaida ya mkulima ni lita nane, na leo ameleta lita kumi na sita, basi namba yake ifungwe.*

Niliamini kwamba anayebeba mtungi ana haki ya kusoma tunachoamua juu yake. Bado naamini. Kwa miezi saba niliitumia saa yangu ya chakula kuijenga Kagua.

Jumatatu, bosi wetu Bethwel alisema hawezi kutunza lugha mbili.

"Ijumaa tunachagua moja. Ile ingine inafutwa. Na usinililie hapa, Mugure."

"Silii."

Kweli sikulia. Moyo wangu ulikuwa kama shavu lililodungwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno.

Jumatano nilipanda Dundori na karatasi yenye sentensi kumi na nne za Kagua. Truphosa, karani anayepokea maziwa, alikausha mikono, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama anayetoa matangazo kanisani. Alipofika ya tisa, ile ya lita kumi na sita, akaishusha karatasi.

"Hii ni nani aliandika?"

"Ni mimi, mathe."

"Umewahi kuja hapa Jumapili?"

"Hapana."

"Ndiyo maana. Wasabato hawaleti maziwa Jumamosi. Wanaweka mtungi kwa maji baridi, halafu Jumapili wanakuja na ya siku mbili. Mimi napima, yakiwa mazuri nachukua. Sasa wewe unataka kuwafungia? Watu arobaini? Si wataniogesha na hayo maziwa!"

Alicheka hadi miwani ikateleza puani. Nikacheka pia, kidogo, kwa adabu. Karani alikuwa amesoma jaribio na kulikuta kosa ambalo majaribio yetu yote ya Python hayakuliona. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta miezi yote saba. Niliingoja furaha. Haikuja.

Alhamisi nikaketi kulirekebisha lile kosa. Kagua haikuijua jana. Kila sentensi yake iliangalia siku moja tu, na kuifundisha kukumbuka kungenichukua wiki nzima. Kwa Python nilitumia mistari sita, na chai yangu ilikuwa bado moto.

Ijumaa nilimweleza Bethwel yote mawili. Ningeweza kunyamazia hilo la pili.

"Kwa hivyo Kagua ilipata kosa," alisema.

"Truphosa ndiye aliyelipata. Kagua ilimwezesha kusoma."

"Na kulirekebisha?"

"Ilishindwa."

"Na siku ukipata kazi Nairobi, nani ataifundisha?"

"Sijaomba kazi Nairobi."

"Nimesema ukipata."

Nilitazama nje dirishani. Chini, mtu alikuwa anapakia dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye pikipiki.

"Hakuna," nilisema. Nikaifuta mwenyewe. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga viatu.

Jumapili asubuhi, programu ilipoanza kazi, nilikuwa Dundori kando ya mizani. Msabato wa kwanza alileta lita kumi na sita. Truphosa aliyapima maziwa, akaandika namba, na kompyuta ikakubali. Wa pili, ikakubali. Foleni ikasonga bila mtu kujua kulikuwa na jambo.

Truphosa alinigeukia, miwani tayari puani.

"Na karatasi ingine iko wapi? Kuna mambo ya wakati wa mvua hujui kabisa."

"Kagua haiko tena, mathe. Imefutwa."

"Mimi nimekuuliza Kagua? Nimekuuliza karatasi."

Kalamu yake ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye meza. Nikaivuta, nikageuza risiti ya chakula cha ng'ombe upande usioandikwa, nikaandika: *Ikiwa barabara imeharibika kwa mvua…*

"Endelea," nilimwambia. "Basi nini?"