Simu Ilisema Bibi Anashona

…masaa matano, mwenzangu! Masaa matano bibi yangu yuko sakafuni jikoni na mguu umevunjika, na mimi huku simu inaniambia yuko kwenye cherehani anashona. Subiri, usiniulize kwanza kama mzima. Mzima. Yuko wodini na plasta mpaka pajani, analalamika kwamba mashuka ya hospitali yamepindwa ovyo. Lakini yaliyotokea leo pale kitandani kwake, acha nikusimulie wewe kwanza, maana nyumbani hakuna anayetaka kunisikia tena.

Ngoja nianze vizuri, naona naruka ruka.

Bibi, mama yake mama, ni fundi cherehani. Anashona sare za shule kwenye chumba cha katikati cha nyumba yake tangu mama hajazaliwa. Babu alipofariki akabaki peke yake, na Mjomba akaanza wimbo wake: Mama ahamie kwangu, umri umekwenda, kile chumba kifungwe. Bibi akisikia hivyo anapandisha miwani na kumuuliza, "Na kwako nitashona nini, mapazia?"

Sasa mimi na kiherehere changu. Nimetoka chuo na cheti bado cha moto, nikasimama katikati ya kikao cha familia nikasema nipeni miezi mitatu. Nitafunga vihisio nyumba nzima. Bibi akipita jikoni tutajua, akifungua mlango tutajua, kila mtu atamwona kwenye simu yake bila kumsumbua. Mjomba akakubali kwa sharti moja: siku likimpata jambo na sisi tusijue, Mama anahama, hakuna mjadala. Bibi akaitikia. Yaani niliiweka rehani nyumba yake huku natabasamu, na yeye akanisaidia kushika ngazi.

Nilifunga vinne, vidude vyeupe ukubwa wa kiberiti, havina waya, vinakula betri. Jikoni, ukumbini, chumbani, mlangoni. Bibi akaviita wapelelezi. "Huyu mpelelezi wa jikoni mbona ananikonyeza kwa taa nyekundu? Mwambie mimi mjane, sio malaya." Tulicheka mpaka nikashuka kwenye ngazi.

Tatizo likawa kuta. Nyumba ya zamani, kuta nene, mawimbi yakifika ukumbini yamechoka. Kwa hiyo nikaweka na plagi ya kupokezana, ile inayopokea kutoka kwa vile vidogo na kusukuma mpaka kwenye boksi kubwa kule chumbani, lile linalotuma taarifa kwenye simu zetu. Inatakiwa ikae katikati ya nyumba. Katikati ya nyumba kuna soketi moja tu, ya cherehani. Basi nikachomeka plagi yangu pale, na cherehani juu ya plagi, maana plagi yenyewe inahisi umeme ukivutwa, kwa hiyo mashine ikizunguka simu inaandika "Bibi anashona". Nilijiona mjanja huyo! Niliwaonyesha hata majirani.

Wiki ya kwanza tu, vihisio vikaanza kupotea. Vinazimika vyote kwa pamoja, dakika ishirini, saa nzima, halafu vinarudi vyenyewe. Na kila vikipotea, simu za familia nzima zinalia: Bibi hajaonekana dakika arobaini. Siku moja mama akatoka kazini mbio, kiatu kikakatika njiani, akafika amekibeba mkononi, akamkuta Bibi amekaa kizingitini anamenya chungwa. Bibi akamtazama miguu. "Nani kafa?"

Kwenye grupu la familia Mjomba akapata kazi. Kila jioni: "Fundi mitambo, leo Mama kapotea mara ngapi?" Wengine wanaweka vikaragosi vya kucheka. Nilibadilisha betri. Nilihamisha boksi. Nililaumu kabati la chuma, nikalisukuma mwenyewe mpaka mgongo ukaniuma wiki. Sikupata kitu. Na badala ya kukaa siku moja tu nyumbani kwa Bibi nimwangalie anavyoishi, siku moja tu, mwenzangu, nikafanya jambo la kivivu nikiwa kitandani kwangu. Niliingia kwenye mpangilio nikaandika: kihisio kikinyamaza, shikilia taarifa ya mwisho.

Basi kelele zikaisha. Vikipotea, simu inaendelea kuonyesha kile ilichokiona mara ya mwisho, kijani kibichi, hakuna anayeshtuka. Mjomba akaandika "Hongera, fundi." Sikumwambia mtu nilichofanya. Niliipokea ile hongera hivyo hivyo.

Jumanne sasa. Saa tatu na dakika ishirini asubuhi Bibi kamaliza sketi, kanyanyuka kwenda kuchemsha maji, kateleza jikoni. Saa sita mimi niko ofisini, natamba. Namwonyesha dada wa mapokezi simu: ona bibi yangu, miaka sabini na nane, toka asubuhi yuko kwenye mashine, hajanyanyuka, shule zinakaribia kufunguliwa. Yule dada akaangalia, akaniuliza tu hivi kawaida, "Hata chooni?"

Nikamjibu, "Bibi ana kibofu cha chuma."

Nikacheka. Nikamtumia Bibi ujumbe, pole na kazi. Simu yake ilikuwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, na yeye anaisikia inalia kule, ameegemea mlango wa kabati la vyombo, hawezi kusogea.

Mteja ndiye aliyemkuta, saa nane na nusu, mama mmoja aliyekuja kuchukua sketi za mwanawe. Aligonga, akasikia mtu anajibu kwa sauti ndogo, akazungukia mlango wa nyuma. Mpaka namba yangu inapigwa, skrini bado ya kijani. Bibi anashona.

Mjomba alifika pale nyumbani kabla yangu, akakagua kama askari. Akakuta plagi yangu imekufa, swichi ya ukutani imezimwa. Basi kesi ikaisha. Jana jioni wodini akamwambia Bibi mbele yetu sote, kwa upole kabisa, na huo upole ndio uliouma: "Mama, ulizima kile kifaa. Mtoto alihangaika akakufungia, wewe ukakizima. Tutakuachaje peke yako?"

 Bibi akasema, "Kama ni mimi niliyezima, basi ni mimi. Nitahama." Akaniangalia, eti akaniomba radhi. Bibi, mwenzangu. Aniombe mimi radhi. Na mimi nilisema nini? Nilimwambia, "Usijali, Bibi."

Usiku huo sikulala, nakwambia. Leo asubuhi nikapita kwake kumchukulia nguo. Nikasimama mbele ya ile swichi nikaiangalia, na ndipo akili ikanirudi. Bibi huzima mashine ukutani kila anaponyanyuka. Kila anaponyanyuka, hata akienda kumfungulia mtu mlango. Zamani mwanafunzi wake mmoja alinyanyuka mguu uko kwenye pedali, sindano ikampitia kidole, na tangu hapo ni sheria: huondoki kwenye cherehani kabla hujazima ukutani. Mimi mwenyewe nilitandikwa kofi nikiwa na miaka minane kwa kuisahau. Niliijua hiyo sheria. Nikachomeka macho yetu yote kwenye soketi ambayo Bibi anaizima kila anapoanza kutembea.

Nikafungua kumbukumbu za mtambo nikalinganisha. Kila kupotea kunaanza pale pale mashine inaposimama, kabla plagi haijawahi kuandika kwamba imesimama. Kila kurudi ni amekaa tena kushona. Vile vidude havikuwa vibovu hata kimoja. Vilikuwa vinaona mwanamke aliyekaa tu. Na pale vilipopofuka, mimi nikavifundisha kusema uongo.

Nikaenda wodini. Mama yupo, Mjomba yupo, ameshaleta karatasi ameandika vyombo vipi vihamishwe na vipi vibaki. Nikasema, "Mjomba, hiyo karatasi iweke kwanza." Nikawaambia yote. Soketi, swichi, na ile taarifa ya mwisho. Mama akajifunika uso na kitambaa.

Mjomba akasema, "Sasa hiyo inabadilisha nini? Mimi nilisema toka mwanzo vidude si mtu."

"Inabadilisha kwamba Bibi hakukosea. Alizima kama anavyozima siku zote. Mimi ndiye niliyekosea."

 Bibi akavua miwani, akaifuta kwa shuka, akaivaa. "Hebu rudia hapo mwisho. Kikinyamaza, kinaandika nini?"

"Kinaandika kile cha mwisho, Bibi."

"Yaani nashona."

"Ndiyo."

"Hata nikiwa nimelala chini naita."

"Ndiyo, Bibi."

"Hata nikifa?"

 "Hata ukifa, Bibi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mteja amemletea kitambaa kilichokatwa vibaya na hakuna pa kukirekebisha. Mjomba akaanza, "Ndio maana mimi nasema, Mama…"

"Wewe kaa kimya. Jana umenifanya nikiri kosa la mtu mwingine." Akanyoosha mkono, akachukua ile karatasi ya vyombo, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mto. "Neno langu la jana limefutika. Nitakaa wapi, nitasema mwenyewe, na leo sisemi."

Mjomba akanyanyuka akaenda kusimama dirishani. Mimi nilidhani sasa Bibi atanigeukia, atanitania kidogo kama kawaida yake, wapelelezi wako wameniangusha au kitu kama hicho. Hakunitania. Alisema bila kuniangalia, "Na wewe, hicho kidude chako kimepotea mara ngapi?"

"Zipo kwenye kumbukumbu, Bibi."

"Ziandike zote, siku na saa. Uje unisomee. Nataka nijue ni mara ngapi nilitembea kwenye nyumba yangu na hamkuniona."

Mama alitaka kunitetea, akamwambia Bibi, "Mama, mtoto ameshakiri, inatosha." Bibi akamjibu, "Sijamgombeza. Nimemwambia aandike."

Nimezihesabu, ni mara mia moja na tisa. Nimefika ya thelathini na mkono umekufa ganzi. Nyingine ni dakika nne tu, nadhani alikwenda kuchota maji ya pasi. Nyingine saa nzima na nusu, mchana, siku ambayo nakumbuka nilimpigia akasema hana la maana, alikuwa amekaa tu mlangoni.

Ngoja nimalizie hizi zilizobaki. Kesho saa nne wanafungua wodi, namsomea mpaka ya mwisho, na akishasikia ndipo atasema anaishi wapi. Nikitoka pale nakuja moja kwa moja kwako kukwambia kasemaje, hata kama kasema haniruhusu kukanyaga kwake.