Tundu la Wenye Dhambi

Kanisa lile la pembeni mwa barabara ya Chaussée d'Ixelles, mjini Brussels, lilijengwa na Waingereza enzi za Malkia Victoria: matofali mekundu, matao yenye ncha, vioo vya rangi, na dari ya mbao iliyo juu mno hata joto lote likapanda kukaa huko, waumini chini wakitetemeka. Asubuhi walisali Waingereza wachache waliosalia. Mchana liliazimwa na Wakongo wa Kivu.

Baridi ya mwaka 1995 ilipozidi, Papa Constant, katibu wa Wakongo, alileta jiko la makaa ya mawe, akatoboa ukuta usawa wa kifua ili kupitisha bomba. Jiko lilifuka moshi hadi kwaya ikashindwa kuimba, likaondolewa. Tundu likabaki. Constant alizungushia kingo zake plasta nzuri, akaahidi kuliziba kiangazi.

Kiangazi kikapita. Septemba, siku ya kutembelea majengo ya kale, Mwingereza aliyezoea kuongoza wageni aliugua. Constant, ambaye hajawahi kukataa nafasi ya kusimama mbele za watu, alivaa suti akajitolea. Alimaliza nguzo, akamaliza matao, na hapo profesa mmoja, mama wa Kibelgiji, akamuuliza habari za tundu.

Constant aliona aibu kutaja jiko. Akajibu kwa Kifaransa chake kizuri kwamba zamani wenye dhambi kubwa hawakuruhusiwa kuingia, hivyo walisimama barabarani wakaungama kupitia pale. Profesa aliinama, akalipapasa, akasema hajaona mfano wake Ulaya nzima. Hilo lilikuwa kweli.

Aliandika makala. Wataalamu wakaja na tochi, wakapima, wakakuta masizi, wakaamua ni ya mishumaa ya toba. Mwezi wa Novemba wakatangaza kwamba tundu ni urithi, na hakuna ruhusa ya kuliziba, hata kwa kitambaa.

Berthe, mke wa Constant na kiongozi wa kwaya, aliyekuwa sasa akiongoza nyimbo kwa glavu, alimwambia aende akaseme ukweli.

“Nilishaenda,” Constant akajibu kwa unyonge. “Niliwaambia ni miye nilitoboa, na nyundo yangu. Bon, wakaniambia miye si spécialiste.”

Ibada ya Krismasi, katikati ya wimbo, profesa aliingia na wanafunzi wake. Kwa adabu kubwa aliwaomba akina mama wa sauti ya pili wasogee, maana migongo yao ilikuwa imefunika tundu. Wakasogea. Upepo ukaingia na manyunyu ya theluji, na wanafunzi wakaandika kwamba baridi ile ilikuwa sehemu ya adhabu.

Berthe alisubiri wamalize. Kisha akamshika mumewe mkono, akampeleka kusimama pale walipotoka akina mama, akamfunga kifungo cha juu cha koti, akarudi mbele kuendelea na ubeti wa tatu.