Senti za Alewife

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Mei, saa tatu kasorobo asubuhi, Delphine Arruda alifungua mlango wa nyuma wa mashine ya kubana senti, akapaka grisi kwenye meno ya magurudumu, akafunga na kujifuta mikono. Mashine hiyo ilisimama kati ya duka la zawadi na choo cha wanawake, katika makumbusho ya nyambizi ya Harrow Point, Connecticut. Mgeni alitumbukiza robo dola mbili na senti moja, akachagua picha moja kati ya nne, akazungusha mkono wa chuma, na senti yake ikatoka imekuwa bapa, na picha juu yake: nyambizi, nanga, pomboo wawili, au kofia ya mzamiaji. Delphine alikuwa na miaka sitini na miwili, na alikuwa ameitunza mashine hiyo kwa miaka kumi na tisa.

Saa nne, mwanamume mmoja kutoka Ohio alimjia Delphine kwenye kaunta ya duka na senti yake.

"Samahani, mama. Mimi nilichagua nanga."

Delphine akavaa miwani. Senti ilikuwa imelowa, ikinuka maji ya chumvi. Pale ilipopaswa kuwa nanga palikuwa na uso wa kijana mwenye nyusi zilizokutana, sikio moja limechomoza kuliko jingine.

"Huyu ni baba yangu," alisema.

"Anaonekana mtu mzuri. Lakini binti yangu anakusanya nanga."

Delphine akatoa nanga kwenye droo ya akiba, wakabadilishana. Halafu akaenda kuchukua kitambaa cha deki, kwa sababu chini ya mashine palikuwa na dimbwi, na ndani ya dimbwi uzi mmoja wa mwani. Alisimamisha kile kibao cha njano cha kutahadharisha kuteleza, akarudi kaunta.

Baba yake, Manuel Arruda, alikuwa fundi wa injini katika nyambizi Alewife. Ilizama Aprili 1961 ikiwa kwenye majaribio, na watu thelathini na sita ndani. Delphine alikuwa na miaka minne. Kilichosikika mwisho kwenye simu ya chini ya maji kilikuwa maneno manne: "Arruda yuko kwenye valvu." Tume ya uchunguzi ilikaa na maneno hayo siku tisa, ikaamua kwamba Arruda aliiacha valvu ya maji ya bahari wazi. Nyambizi yenyewe ililala kwenye kina ambacho hakuna mtu angeweza kwenda kuiuliza. Uamuzi huo uliandikwa kwenye kibao cha shaba, na kibao kikapigiliwa ukutani katika ukumbi mkubwa wa makumbusho, Ukumbi wa Tolliver, uliojengwa kwa hisani ya ukoo wa Tolliver, wenye kiwanda cha valvu. Kila asubuhi Delphine alipita mbele ya kibao hicho kwenda kutundika koti lake.

Jumatano zilitoka nyuso nne. Alhamisi zikatoka saba.

Aliyezitambua ni Earl Nickerson, mzee wa miaka sabini na tisa, aliyefanya kazi kwenye nyambizi miaka ishirini na sasa alitembeza wageni kwa kujitolea. Aliingia kwenye chumba cha wafanyakazi na kikombe chake cha kahawa, akaziona senti zimepangwa juu ya karatasi ya jikoni.

"Huyu ni Pruitt, mpishi," alisema. "Huyu Szymanski. Alikuwa na deni langu la sigara." Akaigeuza senti moja. "Unajua, dada, hizi zote ni za kabla ya themanini na mbili. Shaba tupu. Hizi mpya zina zinki ndani. Hazikumbuki kitu."

"Na maji je?"

"Maji ni kawaida. Mashine yako haivuji hata nusu ya nyambizi yangu ya kwanza."

Kuanzia siku hiyo Delphine aliweka bakuli la senti kuukuu kando ya mashine, na bakuli la nanga kwa wageni waliotaka kubadilishana. Wengi walibadilishana. Kufikia mwisho wa Juni walikuwa na nyuso zote thelathini na sita. Halafu zikatoka senti tano ambazo hazikuwa za nyuso, na Delphine na Earl wakazipanga mezani kwa mfuatano wake. Ya kwanza ilionyesha bomba likifoka maji. Ya pili, mkono ukiuzungusha usukani wa valvu kwenda kuufunga. Ya tatu, wanaume wawili bega kwa bega wakiuvuta usukani huo. Ya nne, usukani umefika mwisho, na fimbo yake ya ndani imekatika vipande viwili. Ya tano ilikuwa ile fimbo peke yake, kwa karibu: ufa mwembamba kama unywele, na pembeni ya ufa chapa ya kiwanda. Earl alitumia kioo cha kukuzia. Chapa ilisomeka Tolliver.

Earl akaweka kioo chini. "Alifunga," alisema. "Baba yako alifunga."

"Najua," Delphine alisema. Hakuwa amejua. Kwa miaka hamsini na minane alikuwa amesema tu.

Mkurugenzi, Bwana Prentiss Goodale, alizitazama senti zote arobaini na moja akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Delphine, nakuamini. Sina shida na senti. Shida yangu ni ukuta."

"Ukuta una nini, bosi?"

"Una jina la watu. Na paa lake lina jina la watu, na mafuta ya kupashia moto ukumbi huu Januari nayo yana jina la watu." Akashusha pumzi. "Lakini tutaandika. Tutafuata utaratibu."

Waliliandikia jeshi la wanamaji, wakafunga senti kwenye pamba na kuzituma. Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Lilisema kwamba vitu vya ukumbusho vinavyouzwa kwa watalii havihesabiwi kuwa ushahidi, na kwamba senti zinarudishwa pamoja na barua. Zilirudi arobaini. Ile ya chapa haikuwemo.

"Posta hizi," Bwana Goodale alisema.

Kesho yake Delphine alitumbukiza senti ya 1974, na mashine ikampa nyingine yenye chapa ile ile, bila ubishi.

Septemba makumbusho yalitoa albamu ya kadi ya buluu, yenye matundu arobaini na moja na maneno "Wakusanye Wote" kwenye jalada. Ilikuwa fikra ya Bwana Goodale, na iliuzwa kuliko kofia za duka la zawadi. Mjukuu wa Tolliver alinunua kumi na mbili kwa ajili ya zawadi za Krismasi, akasifu jinsi chapa ya kiwanda cha babu yake ilivyotoka wazi. Mtu wa usafi alichimba mfereji mdogo sakafuni wa kupeleka maji ya bahari chooni. Kibao cha shaba kiling'arishwa kama kawaida, Ijumaa kwa Ijumaa.

Oktoba alikuja Ginny Lathrop.

Alikuwa na miaka themanini na mmoja, akitembea kwa kuegemea fremu ya chuma. Mumewe, Carl, alikuwa mmoja wa wale thelathini na sita. Mwaka ule wa 1961, kwenye duka la mikate la mtaani, mbele ya foleni nzima, Ginny alikuwa amemwambia mama yake Delphine: "Nunua mkate wako, Albertina, ukale. Sisi wengine, kwa sababu ya mumeo, hatuna wa kumkatia." Tangu siku hiyo Albertina alinunulia mikate mji wa jirani, kwa basi, miaka arobaini na tatu, mpaka alipokufa. Delphine na Ginny waliishi barabara mbili tofauti za mji ule ule na hawakuwahi kusalimiana.

"Nasikia Carl anatoka hapa," Ginny alisema.

"Anatoka, mama. Weka senti hii."

Ginny hakuwa na nguvu za kuzungusha mkono wa mashine. Delphine akazungusha. Iliyotoka haikuwa ya uso wa Carl. Ilikuwa ya tatu katika zile tano: wale wanaume wawili kwenye usukani. Ginny aliikausha kwa kitambaa, akaisogeza karibu na macho. Alikaa nayo kitambo kirefu, na watu wakaanza kupanga foleni nyuma yake.

"Huyu ndiye wangu," alisema. "Na huyu mwingine?"

"Wangu."

"Wanafanya nini?"

"Wanafunga valvu."

Ginny akatikisa kichwa polepole. Hakubisha. "Nimemchukia mtu huyu tangu nina miaka ishirini na mitatu," alisema. "Asubuhi naamka, napika kahawa, namchukia, ndipo siku inaanza. Nikiacha leo, niweke nini pale?"

Ginny akasogea mpaka kaunta, akaiweka senti juu yake.

"Una mkasi wa bati? Nikatie wangu."

Mkasi ulikuwepo. Earl alikuwa nao kwenye sanduku lake la vifaa, lakini alipoambiwa kazi yenyewe aliweka mikono mifukoni. "Mimi hapana, Ginny. Hao walikuwa zamu moja." Basi Delphine akauchukua mwenyewe. Aliilaza senti ukingoni mwa kaunta, akakata kutoka juu kwenda chini, kati ya bega na bega. Maji kidogo yalitoka kwenye mkato. Akayafuta.

Ginny alipokea nusu yake, akaigeuza kwenye mwanga.

"Vidole vyake viko wapi?"

Delphine akatazama nusu iliyobaki mkononi mwake. Baba yake alikuwa ameinama juu ya usukani, meno yameumana, na juu ya mkono wake palikuwa na vidole vinne vya mtu mwingine, vimemkamata kwa nguvu.

"Vimebaki huku, mama. Havikukatika."

Ginny akaitia nusu yake mkobani.

"Basi kaa navyo," alisema, akafunga mkoba wake, akaomba asindikizwe mpaka kwenye gari.