Bipu Nne za Mboje

Hivi wewe unayesikiliza, umewahi kuona mwanaume mwenye wajukuu akimkataza mkewe kufagia uwanja? Ungefika kwa Kasmir, karibu na Laela, mwaka ule minara ya simu ilipoingia Ufipa, ungemwona. Chini ya kihenge chake cha mahindi palikuwa na mashimo kumi na mawili yaliyochimbwa ardhini, sita upande huu na sita ule. Ndani yake mlikuwa na maharage mekundu, mengine yameshatobolewa na wadudu. Juu alifunika ungo mkuukuu, na hapo hapaguswi. Mkewe, Leonia, alifagia kwa kuzunguka, kama anayepita kando ya kaburi.

Lilikuwa bao ambalo halijaisha. Aliyecheza naye ni Mboje, Msukuma mfuga ng'ombe aliyehamia pale miaka tisa nyuma. Walitukanana kwa raha zao, mtani huku, mtani kule, mmoja akimwita mwenzake panya wa ulezi, mwingine akijibu kwa mkia wa ng'ombe. Mboje naye alikuwa na madaha. Kabla ya kuchota kete aligonga fimbo chini kwa hesabu ya shimo analolitaka. Ti, ti, ti, basi ni shimo la tatu. Utadhani anapiga hodi kwenye nyumba anayokuja kuivunja.

Kisha ng'ombe wake wakaingia kwenye ulezi wa Kasmir, zimebaki siku chache uvunwe. Barazani Mboje alikiri kosa, akaomba radhi, akakubali kulipa. Yangeishia hapo. Lakini Kasmir alisimama mbele ya wazee akasema watu wa kuja wamezoea kula wasichopanda, na njia waliyojia bado ipo. Watu wakasubiri acheke, wajue ni utani. Hakucheka. Wiki haikuisha, Mboje akawashusha ng'ombe wake Bonde la Rukwa, na familia yake nyuma. Zamu ya kucheza ilikuwa yake.

Ikapita miezi minane. Kasmir hakutamka kwamba anajuta. Alikuwa tu akifunua ungo jioni, anatazama, anafunika.

Binti yao Monika, mwenye kibanda cha nguo Majengo kule mjini, ndiye aliyeleta simu. Kasmir alikuwa na maoni yake kuhusu simu na hakuwaficha wageni. Alisema ni kitu cha watu waliochoka kutumia miguu, tena kinamfundisha mtu kuongea bila kuangalia anayeongea naye. Leonia hakubishana. Aliitundika kwenye msumari dirishani, mahali pekee nyumbani mle paliposhika mtandao, akaendelea kuchagua mchele.

Siku moja, jua limeanza kulegea, simu ikalia kidogo ikakatika. Ikalia tena, ikakatika. Mara nne, kisha kimya. Leonia, aliyemaliza darasa la saba na kusoma maelekezo yote ya simu ile, alieleza kwamba hiyo ni bipu. Mtu hana salio, au hataki kulimaliza, anataka apigiwe.

Kasmir aliinuka. Alitoka nje, akafunua ungo, akahesabu kutoka kushoto. Shimo la nne. Akachota kete za Mboje, akazisambaza moja moja. Ya mwisho ilitua pabaya sana, ikamla kete tano.

"Mshenzi huyu," alisema taratibu, na uso wake wote ukacheka.

Leonia akajifanya hajui lolote. Baadaye sana ndipo alikiri kwamba alikutana na mke wa Mboje gulioni Laela, wakasalimiana vizuri, na namba ikaandikwa kwenye kipande cha boksi la sabuni.

Tangu hapo bao likaendelea, Mboje kule bondeni akilihesabu kichwani. Kasmir alijifunza kubonyeza, kusikiliza mlio mmoja, kukata. Bipu mbili asubuhi, tano zinarudi mchana. Ikamlazimu arekebishe maoni yake kuhusu simu, ingawa alidai hakurekebisha, ila alikuwa hajaelezwa vizuri. Lakini Leonia alimwona. Kila akishacheza, alibaki dirishani ameishika ile simu, midomo inataka kusema neno, na bipu haina mahali pa kuwekea neno.

Basi asubuhi moja, kwa haraka ya kusogeza kete, alisahau kurudisha ungo. Aliporudi kutoka shambani alimkuta kuku mwekundu wa Leonia katikati ya mashimo, anapekua kwa miguu, anameza. Maharage mengine yametawanyika hadi mlangoni. Mchana ikaja bipu moja. Shimo la kwanza lilikuwa tupu.

Hakuna hesabu ya bipu inayosema kuku amekula bao.

"Baba Monika," Leonia alisema, "vocha ipo kwenye kikombe."

Kasmir akaikwangua kwa ncha ya kisu. Akapiga, na safari hii hakukata. Simu ikaita mpaka ikanyamaza yenyewe. Akapiga tena, ikaita vilevile. Kule bondeni mtu alikuwa anahesabu, anasubiri iishe. Ya tatu ikapokelewa.

"Mtani," ilisema sauti ya Mboje, "hilo ni shimo gani lisilo na mwisho?"

Kasmir aliegemeza paji la uso kwenye fremu ya dirisha. Alieleza habari ya kuku, ungo, maharage ya mlangoni. Mboje akacheka mpaka akakohoa, akasema kuku huyo ni Msukuma, amekuja kulipiza. Kicheko kikaisha. Pakabaki mvumo tu, na salio linakwenda.

"Unasemaje sasa, tuanze upya?" Mboje aliuliza.

Leonia aliacha kupeta.

"Tuanze, lakini si kwa simu," Kasmir alisema. "Yale maneno ya barazani nilikosea, Mboje. Siku unapita na ng'ombe nilisimama nyuma ya kihenge nikakutazama mpaka ukapotea. Nilitaka kukuambia usiende."