Kanda Tatu, Kiti Kimoja

Mama Pacha alikuwa amechoka mpaka kope. Tangu alfajiri yuko ofisi ya maji, maana bomba kuu lilipasuka na maji machafu yakajichanganya na safi. Kazi yake siku hiyo ilikuwa moja: kuwaambia watu wasinywe.

Alikuwa na skripti, yaani maagizo aliyoiandikia kompyuta miaka miwili nyuma. Unaandika tuma, unataja kanda, na kila simu ya kanda hiyo inapata ujumbe. Siku zote shida ilikuwa ya kanda moja. Leo zilikuwa tatu, naye akazitaja kwa mpigo:

tuma --kanda juu --kanda kati --kanda chini

Kompyuta ikajibu: Imetumwa. Akaegemeza kichwa ukutani.

Hata nusu saa haijaisha, mama yake akapiga simu. Ndiye anayemlelea pacha wake, kanda ya juu.

"Hawa wajukuu zangu uji hawautaki. Wanataka maji tu, kama samaki."

"Maji gani, mama?"

"Ya bomba. Kwani tumechimba kisima?"

"Hukupata ujumbe?"

"Ujumbe gani? Simu imenyamaza kama mkwe ugenini."

"Wasinywe, mama. Yamwage."

Kikombe kikasikika kikiwekwa mezani. "Mdogo nimemnyang'anya sasa hivi. Mkubwa kashamaliza kikombe."

Mama Pacha hakulia. Hata kulia kunataka nguvu. Aliomba mtoto aangaliwe, tumbo likimsumbua tu apelekwe zahanati, kisha akafungua orodha ya waliotumiwa. Kanda ya chini watu wote. Ya juu, hakuna. Ya kati, hakuna.

Fundi wa pampu aliingia na viatu vya tope, akachungulia skrini.

"Mbona umekodoa macho hivyo?"

"Nimeita kanda tatu, imeshika moja. Ya mwisho."

Fundi akakuna kidevu. "Kitendawili."

"Fundi, sina kichwa leo."

"Sema tega, mwanangu."

"Haya, tega."

"Kila nikimkaribisha mgeni, aliyekaa anaondoka."

Mama Pacha akapekua skripti mstari kwa mstari, akafika alipoandika kwa mkono wake mwenyewe: kanda ni hii iliyotajwa. Hii, moja. Ikija nyingine, inaikalia nafasi yake.

"Una kiti kimoja," akasema polepole.

"Basi tandika mkeka."

Akatandika. Alifuta mstari ule, akaandika kwamba kanda ni orodha, na kila inayotajwa iongezwe nyuma ya mwenzake. Akaongeza na agizo lingine: kabla ya kutuma, isome majina yote iliyoyashika. Akaijaribu bila kutuma. Juu, kati, chini. Akahesabu kwa kidole kama mtoto wa chekechea, kisha akatuma.

Simu ya fundi ikatetemeka mfukoni. Yeye anakaa kanda ya kati. "Umenifikia," akasema. "Umechelewa kama mvua ya mkulima mvivu, lakini umenifikia."

Mama Pacha alichukua daftari la zamu akaandika: kanda ya juu na ya kati zimechelewa dakika hamsini, kosa ni la skripti yangu. Akatia sahihi.

"Ungengoja meneja aulize," fundi akamwambia.

"Kuna mama wengine wana vikombe mikononi. Wajue watoto waliokunywa tangu saa ngapi ndio wa kuangaliwa."

Akatuma ujumbe wa pili wenye saa ambayo onyo la kwanza lilipaswa kufika, kwa kanda zote tatu, akavaa viatu aende kwa mwanawe.