Kichwa cha Ña Deidamia

Asubuhi ile, sokoni katika mji wa Puerto Tacuaral, Ña Deidamia Rolón (Ña ni kama kusema Bi) alikuwa akipanga chipa zake kwenye kapu huku akimtukana dada yake, Ña Obdulia, aliyekuwa akipanga za kwake kwenye meza ya jirani. Chipa ni mikate ya duara ya unga wa muhogo na jibini, na wote wawili waliipika kwa namna moja, kama walivyofundishwa na mama yao. Hilo halikuwazuia kitu. Tangu mama afariki waligombana kila siku ya soko, na wateja walijisogeza na vikombe vyao vya tereré, ile chai baridi ya majani, mkononi, wasije wakakosa neno.

"Nunueni kwa dada," Deidamia aliwaambia wapita njia. "Anayejenga akipungukiwa tofali, chipa zake zinaziba pengo."

"Afadhali tofali," Obdulia akajibu. "Zako zina matundu kama ahadi za mumeo."

"Mimi ninaye wa kuniahidi. Wako alikimbia akaacha hata viatu!"

Watu wakacheka. Obdulia akasubiri, maana tusi la viatu lilikuwa na mkia wake. Deidamia akafungua mdomo.

"Na hivyo viatu," akasema, "vili... vili... mvua. Kijiko."

Upande wa kulia wa mdomo wake ukashuka kama pazia lililokatika kamba. Chipa ikamponyoka mkononi.

"Acha mchezo," Obdulia akasema.

Hapo ndipo kichwa cha Deidamia kilipoanza kuwa kioo. Kwanza zilififia nywele, kisha ngozi, kisha mfupa, hata kuanzia kwenye nyusi kwenda juu kikawa safi kama glasi iliyosuuzwa, na ubongo wake ukaonekana ndani, umejikunjakunja, una rangi ya waridi, mishipa ikipigapiga. Upande wa kushoto mshipa mmoja ulikuwa umeziba. Bonge la damu, jeusi, dogo kama punje ya pilipili manga, lilikuwa limekwama pale mshipa unapogawanyika, na ng'ambo yake damu haikupita.

"Kiharusi," alisema muuza nyama, akiinama kutazama. "Lile pale."

"Liko wapi?"

"Pale kwenye panda. Fuata kidole changu."

"Ondoeni vidole vyenu mumbebe!" Obdulia akapiga kelele. Wakambeba. Muuza nyama alishusha matikiti ya watu kutoka kwenye gari lake, wakamlaza Deidamia nyuma, kichwa kwenye mapaja ya dada yake. Njia nzima Obdulia alikikinga na jua kwa kanga yake ya begani, kwa kuwa hakujua kama jua lingemdhuru.

Hospitalini, daktari Fermín Insfrán alilitambua tatizo tangu mlangoni. Hata hivyo aliwasha taa, akauzunguka mchago wa kitanda, akatazama kwa mbele, kwa nyuma na kwa pembeni.

"Ni bonge," akasema. "Hakuna damu iliyovuja popote. Mmewahi vizuri sana."

Kisha akakaa. Akamweleza Obdulia kwamba dawa ya kuyeyusha bonge kama lile ilikuwapo, iko kwenye friji chumba cha pili. Akipewa mapema mtu mwenye bonge, anaweza kuinuka. Akipewa mtu ambaye mshipa wake umepasuka, inamuua. Kwa macho huwezi kuwatofautisha watu hao wawili, ndiyo maana sheria ilisema asipewe mtu yeyote kabla ya picha ya ubongo iliyopigwa na mashine. Mashine ilikuwapo pia. Ililetwa kwa matarumbeta na hotuba, ikafanya kazi msimu mmoja, na sasa ilikuwa ikingoja kipuri kutoka ng'ambo. Wauguzi waliweka mito juu yake.

"Mwanangu daktari," Obdulia akasema, "kwani hatulioni?"

"Tunaliona, shangazi."

"Basi mpe dawa."

Daktari akatoa simu akampiga picha Deidamia, akaituma kwa mkubwa wake mji mkuu, kisha akampigia. Mkubwa alikuwa mtu muungwana. Alisifu picha.

"Safi kabisa, Fermín. Hata vimishipa vidogo vinaonekana. Ya mashine gani?"

"Si ya mashine, bwana. Ni kichwa chenyewe. Kimekuwa kioo."

"Ninaona. Lakini hiyo si picha ya ubongo, ni picha ya mgonjwa. Sheria inasema picha ya ubongo."

"Bonge linaonekana, bwana."

"Linaonekana, sikatai. Mlete huku."

Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mjamzito mji wa pili, na barabara ya kwenda mji mkuu ilikuwa imekatwa na maji mahali ambapo gari la matikiti lisingepita. Wakangoja. Daktari alikwenda kwenye friji, akaishika ile chupa, akairudisha. Alikuwa daktari pekee kutoka pale hadi mtoni. Akifukuzwa, alijiambia, nani atabaki? Jawabu lilikuwa la kweli. Lakini hata baadaye hakuweza kujua kama ni hilo lililomrudisha mkono, au ni woga tu.

Basi wakawa wanatazama. Ng'ambo ya bonge ile rangi ya waridi ilianza kufifia, ikawa kama majivu, na majivu yakawa yanatambaa taratibu, kama unyevu unavyotambaa ukutani. Deidamia akaashiria kwa mkono wa kushoto kwamba anataka kioo cha kujitazamia. Muuguzi akamletea. Alijitazama kwa muda mrefu, akapeleka ukucha juu ya lile bonge, akagonga. Kichwa kikalia kama glasi. Kisha akamgeukia dada yake.

"Kijiko," akasema.

"Viatu," Obdulia akamwambia. "Ulikuwa unasema viatu. Vilikuwaje viatu vyake?"

"Kijiko."

"Nitukane, Deidamia. Sema alikimbia kwa sababu ya harufu ya miguu yangu. Sema kulikuwa na panya ndani. Nimekuruhusu, sitajibu."

Deidamia alijikaza. Mshipa uliobaki mzima ulipiga haraka, watu wote chumbani wakauona ukipiga, na majivu yakasogea mbele yakameza mkunjo mwingine. Muuguzi akageukia ukutani. Obdulia hakugeuka, akaendelea kumtajia matusi, moja moja, yale makubwa ya miaka yote, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli.

Gari la wagonjwa lilirudi alasiri. Walifika mji mkuu jua likizama, na huko mashine ilikuwa nzima. Daktari bingwa alimwingiza Deidamia kwenye ile pete kubwa, akamtoa, akaketi mbele ya skrini. Deidamia alikuwa nyuma yake, kichwa kikimetameta chini ya taa. Bingwa hakugeuka.

"Ni bonge," akasema. "Kushoto, kwenye panda. Sehemu yote hii imekwishakufa. Laiti mngekuja asubuhi."

"Asubuhi tulikuwa tunalitazama," Obdulia akasema.

"Bila picha hamkuwa na uhakika, mama."



Deidamia alirudi nyumbani na mkono wa kulia uliojikunja kifuani na neno lake moja. Kichwa hakikurudi kuwa kama zamani. Kila jioni Obdulia alikiosha kwa sabuni ya maji, akakifuta kwa kitambaa laini kisiache michirizi. Ndani upande wa kushoto kulibaki doa lililobonyea, kama shamba lililoungua. Sokoni wateja walinunua chipa wakaenda zao. Hakukuwa tena na matusi ya kuwasimamisha.

Kipindi cha baridi alikuja fundi mwashi, kisha mwalimu mstaafu, kisha kijana aliyecheza mpira wa timu ya bandari. Wote vichwa vyao vilikuwa vimekuwa kioo, na wote daktari Insfrán aliwatambua tangu mlangoni. Kila mara alipiga simu. Alipeleka maombi ya kipuri, na maombi ya kuruhusiwa kutumia macho yake.

Mwisho likaja jibu. Gari la serikali lilileta boksi kubwa, na wauguzi walilifungua kwa kisu wakidhani ni kipuri. Zilikuwa kofia. Kofia nyeupe za pamba, nzuri, zenye kamba za kufungia kidevuni, pamoja na agizo kwamba wagonjwa wa aina hiyo wafunikwe wasije wakawatia simanzi jamaa zao.

Asubuhi iliyofuata aliletwa mwanamke mwenye shamba la pamba, ameshikwa mkono na mumewe. Bonge lilikuwa kulia, na halikuwa hata kubwa. Daktari alimtafutia mume kiti, akakigeuza kielekee dirishani. Kisha akachukua kofia, akamvisha yule mama taratibu, akafunga kamba chini ya kidevu.

"Imebana?" akauliza.

"Hapana, daktari," mama akasema. "Inanitosha."